Nyumba ya Mlango Mweusi na Deni la Msingi Wake

Mara kwa mara katika magazeti huchapwa picha ya mlango mmoja mweusi, wenye kichwa cha simba cha kubishia hodi, na namba 10 ambayo sifuri yake imeinama kidogo. Kando yake husimama askari polisi. Mlango huo ni wa nyumba ya Waziri Mkuu wa Uingereza, nayo iko katika njia fupi iitwayo Downing Street, mjini London. Mtu aitazamapo picha ile kwa mara ya kwanza hudhani kuwa ni nyumba ya kadiri tu, ya karani aliyestaafu kwa heshima. Hajui kuwa nyuma ya mlango ule mna vyumba vipatavyo 100, wala kwamba nyumba ile si moja, bali ni nyumba tatu zilizounganishwa. Wala hajui kuwa kwa muda wa miaka karibu 300 nyumba hiyo yenye fahari ilikuwa ikizama ardhini kidogo kidogo.

Juma hili, wasomaji wapenzi, tuzungumze juu ya jengo lenyewe, wala si juu ya siasa za wakaao ndani yake. Kila mmoja wetu ana nyumba, au ana nia ya kujenga. Tena wengi wetu tuna fungu letu katika majengo ya watu wote: darasa la shule, ghala la chama cha ushirika, ukumbi wa kijiji, nyumba ya ibada. Habari za nyumba hii zatuhusu, kwa kuwa ni habari za msingi mbovu, na za nyumba isiyo na mwenyewe.

MJENZI MWENYE HARAKA

Njia ile ilipata jina lake kwa George Downing. Mtu huyu alilelewa Marekani, katika nchi ya New England, naye alikuwa miongoni mwa wanafunzi wa kwanza kabisa kuhitimu katika chuo cha Harvard, mwaka wa 1642. Aliporudi Uingereza alimtumikia Oliver Cromwell, yule aliyetawala baada ya mfalme kuuawa. Ufalme uliporudishwa mwaka wa 1660, Downing aligeuka upesi, akamtumikia mfalme Charles wa Pili, akapewa cheo na mali. Alikuwa mtu mwenye akili nyingi, lakini waliomwamini walikuwa wachache.

Tangu mwaka wa 1654 Downing alikuwa na haki juu ya kiwanja kilichokuwa karibu na jumba la kifalme la Whitehall. Lakini kiwanja hicho kilikuwa mikononi mwa wapangaji wengine, na mkataba wao haukwisha mpaka mwaka wa 1682. Basi alipokipata hatimaye alikuwa na haraka kama mtu aliyengoja mavuno miaka mingi. Kati ya mwaka wa 1682 na 1684 akajenga safu ya nyumba za kupangisha.

Mahali pale si mbali na mto Thames, na ardhi yake ilikuwa chepechepe. Fundi mwema angalichimba kina kirefu mpaka kuufikia udongo mgumu. Downing hakutaka gharama hiyo. Misingi ilichimbwa mifupi, na kuta zikasimamishwa upesi. Upande wa mbele, ambako wapita njia hutazama, mistari ilichorwa juu ya ukuta ili matofali yaonekane kuwa yamepangwa kwa usawa na kwa ustadi. Hila ya namna hii hata leo yajulikana: rangi nzuri mbele, udongo mtupu nyuma.

Downing alikufa mwaka ule ule wa 1684, nyumba zikiwa ndiyo kwanza zimekwisha. Faida aliila kwa muda mfupi mno. Deni likabaki kwa wengine. Winston Churchill, aliyekaa katika nyumba hiyo katika karne ya 20, aliandika baadaye kwamba ilikuwa dhaifu na imejengwa na mtu aliyefikiri faida yake tu. Wazee wetu walisema kwamba rahisi huvunja upishi. Katika ujenzi rahisi huvunja zaidi ya upishi, kwa maana chungu kikivunjika hununuliwa kingine siku ya soko, bali nyumba ikipasuka mtu hujikuna kichwa maisha yake yote.

ZAWADI ILIYOKATALIWA

Nyuma ya nyumba za Downing palikuwa na nyumba nyingine, kubwa na ya zamani zaidi, iliyojengwa yapata mwaka wa 1530 kando ya jumba la Whitehall. Mwenye kuikaa mwishoni alikuwa balozi mmoja aliyeitwa Bothmer, naye mara nyingi alilalamika juu ya ubovu wake. Alipokufa mwaka wa 1732, nyumba ilirudi mikononi mwa mfalme, George wa Pili.

Mfalme akataka kumpa nyumba hiyo, pamoja na moja ya zile za Downing, mtumishi wake mkuu Robert Walpole, ambaye huhesabiwa kuwa Waziri Mkuu wa kwanza wa Uingereza. Walpole hakuikubali kama mali yake mwenyewe. Aliomba nyumba iwe ya cheo chake, yaani ya Mkuu wa Kwanza wa Hazina, ili kila atakayeshika cheo hicho baada yake aikae, na akitoka aiache. Mfalme akaridhika. Hata leo kibamba cha shaba kwenye tundu la barua la mlango mweusi kina jina la cheo hicho cha Hazina, wala hakina maneno ya Waziri Mkuu.

Jambo hili lastahili kutazamwa vema. Mtu mkubwa amepewa nyumba na mfalme, naye angaliweza kuwarithisha wanawe. Akasema, si yangu, ni ya kazi. Kama angaliipokea, huenda ingaliuzwa kitambo, na leo pasingekuwako mtu wa kuikumbuka.

Walpole akamwita William Kent, fundi mkuu wa michoro ya majengo aliyesifika sana siku zile. Kent aliiunganisha ile nyumba kubwa ya nyuma na ile ya Downing, akaujenga uwazi uliokuwa katikati yake ili mtu apite toka moja hata nyingine. Kando yake palikuwa na kijumba kidogo alimokaa mpangaji aitwaye Bwana Chicken. Habari zake ni chache, ila kwamba Walpole alimshawishi ahamie nyumba nyingine katika njia ile ile, na kijumba chake kikaingizwa katika jengo. Hivyo nyumba tatu zikawa moja.

Kazi aliyoifanya Kent ndani yake ilikuwa nzuri kweli kweli. Alijenga ngazi ya mawe ipandayo toka chini upande wa bustani hata orofa za juu. Ngazi hiyo haina nguzo inayoonekana chini yake, na ubavuni ina vyuma vilivyopindwa kwa madoido na mkono wa mti wa mahogani. Siku hizi katika ukuta wa ngazi hiyo zimetundikwa picha za Mawaziri Wakuu waliotangulia, zimepangwa kwa mfuatano, hata mgeni apandaye ni kama asomaye kitabu cha historia kwa miguu. Walpole alihamia tarehe 22 Septemba, mwaka wa 1735.

Lakini msingi wa Downing ulibaki pale pale chini.

NYUMBA YA WOTE, NYUMBA YA NANI?

Walpole alitoka mwaka wa 1742. Wengi waliomfuata walikuwa mabwana wenye mali, na majumba yao wenyewe mjini London yalikuwa makubwa na mazuri kupita hili. Hawakuona haja ya kukaa humo. Wengine waliwaachia jamaa zao au wakubwa wadogo wa serikali. Ndipo ule wema wa Walpole ulipoonyesha upande wake wa pili. Nyumba ya mtu mmoja humwuma mwenyewe. Paa likivuja, yeye ndiye alowaye. Nyumba ya cheo haimwumi mtu sana. Kila aingiaye hujiambia moyoni: kwa nini nigharimie matengenezo ambayo yule ajaye ndiye atakayeyafurahia?

Mwaka wa 1766 nyumba ilikaguliwa, ikaonekana kuwa sakafu na mabomba ya moshi yamezama, hata hayako sawa tena. Fundi Kenton Couse alipewa kazi ya kuitengeneza, nayo ilichukua miaka kadha. Sura ya mbele tunayoijua leo, pamoja na ule mlango wenyewe na sakafu ya marumaru nyeupe na nyeusi ya ukumbi wa kuingilia, ni ya nyakati hizo.

William Pitt Mdogo, aliyeshika madaraka akiwa na umri wa miaka 24 tu, alikaa humo karibu miaka 20. Katika siku zake, mwaka wa 1796, chumba cha Baraza la Mawaziri kilipanuliwa. Ukuta mmoja ulisogezwa, na pale ulipokuwapo zikasimamishwa nguzo mbili mbili, vichwa vyake vimechongwa mfano wa majani, ili zichukue uzito wa juu. Mtu aingiaye chumba hicho leo huona nguzo zile akadhani ni pambo. Kumbe ni alama ya ukuta uliohama.

Mwaka wa 1825 akaja fundi mwingine mashuhuri, John Soane, akatengeneza chumba kikubwa cha karamu, chenye kuta za mbao za mwaloni na dari ya kuba, kilichochukua kimo cha orofa mbili.

Twaona basi jinsi kila kizazi kilivyoongeza chake: huyu ukumbi, huyu nguzo, huyu dari. Wote walitengeneza yaonekanayo. Ilikuwa kama kumvika mgonjwa kanzu mpya kila sikukuu bila kumpeleka kwa mganga.

Katikati ya karne ya 19 njia ile ilishuka hadhi. Nyumba za jirani zilikuwa zimevunjwa, na pembeni yake yalikuwako makao ya ulevi na ya uasherati. Benjamin Disraeli alipohamia mwaka wa 1877 alidai kwamba Serikali ilipe matengenezo ya ukumbi na vyumba vya wageni, naye akalipa mwenyewe gharama za vyumba vyake vya faragha. Ni siku hizo bafu lenye maji ya moto na baridi lilipowekwa kwa mara ya kwanza. Taa za umeme na simu ziliingia mwaka wa 1894. Tangu mwaka wa 1902, siku za Arthur Balfour, ikawa desturi Waziri Mkuu akae humo hasa. Mwaka wa 1937 vyumba vya darini viligeuzwa kuwa makao ya Waziri Mkuu na jamaa yake, na mitambo ya kupasha nyumba joto ikawekwa. Kwa hiyo uzito ukaongezeka juu ya msingi ule ule.

MBAO ZILIZOGEUKA UNGA

Jioni ya tarehe 14 Oktoba, mwaka wa 1940, ndege za Wajerumani zilipokuwa zikipiga London, Churchill alikuwa akila chakula katika vyumba vya chini. Kwa ghafula akawaamuru wapishi na watumishi waache kazi waende mahali pa kujificha. Dakika chache baadaye bomu likaanguka karibu, jiko likabomoka kabisa. Watumishi wale walisalimika, bali watu watatu waliokuwa zamu jirani walikufa. Nyumba yenyewe ilisimama, ikiwa imetikiswa tena juu ya miguu yake dhaifu.

Vita vilipokwisha hali ilikuwa mbaya. Ile ngazi nzuri ya Kent ilikuwa imezama inchi kadha, na baadhi ya daraja zake zimepinda. Uzito uliowekwa juu ya orofa za juu ulipimwa kwa hofu zisije zikaporomoka. Mbaya zaidi ni ule ukungu ulao mbao kwa ndani, ambao humwacha mtu akitazama rangi safi nje, na kumbe ndani mna unga. Katika chumba cha Baraza, zile nguzo zilizoonekana imara zilipofunuliwa, mti wa ndani ulikuwa umegeuka kama vumbi la msumeno.

Mwaka wa 1958 Waziri Mkuu Harold Macmillan aliteua kamati chini ya Earl wa Crawford iamue la kufanya. Walikuwako waliosema heri nyumba ivunjwe yote, ijengwe mpya ya kisasa. Shauri lao halikuwa la kipumbavu, kwa maana kutengeneza jengo bovu mara nyingi hugharimu kuliko kujenga jipya. Lakini kamati ikaamua kwamba nyumba namba 10, na jirani yake namba 11, zihifadhiwe na kutiwa nguvu. Namba 12 ndiyo ijengwe upya.

Kazi ilipewa Raymond Erith, nayo ilifanywa toka mwaka wa 1960 hata 1963. Macmillan alihamia nyumba nyingine ya Serikali. Wajumbe wa Kenya walipokutana katika jumba la Lancaster House mwezi wa Februari hata Aprili, mwaka wa 1962, kujadili katiba ya nchi yetu, ng'ambo ya bustani ya St James's nyumba ya Waziri Mkuu wa Uingereza ilikuwa tupu, waashi na maseremala wameijaza.

Mafundi walipima kila kitu, wakapiga picha, wakachukua mifano ya mapambo ya kuta na dari ili yarudishwe vile vile. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu siku za Downing, wakashuka kwenye msingi. Waliona magogo ya zamani yaliyopigiliwa ardhini yameoza. Mahali pake wakatia msingi wa zege lenye vyuma, na nguzo zilizoshindiliwa futi 6 hata 18 kwenda chini. Muda na gharama vilipita makisio ya kwanza, kama ilivyo desturi ya kila mwenye kufungua ukuta wa zamani.

Walipoosha ukuta wa mbele wakapata jambo la ajabu. Watu wote walijua kuwa nyumba ile ni nyeusi. Kumbe matofali yake yalikuwa ya manjano! Weusi ule ulikuwa masizi ya moshi wa makaa ya London uliogandamana miaka mingi. Basi ikaamuliwa matofali yapakwe rangi nyeusi, ili watu wasiipotee nyumba waliyoizoea.

Hata hivyo kazi haikwisha. Miaka michache baadaye maji yalipenya tena, ukungu ukarudi katika baadhi ya vyumba, mafundi wakaitwa mara ya pili. Tarehe 7 Februari, mwaka wa 1991, wapiganaji wa IRA walirusha bomu la mzinga likaangukia bustanini, wakati John Major na mawaziri wake wako mkutanoni. Madirisha yalipasuka, lakini hakuna aliyekufa. Baada ya hapo mlango wa mwaloni uliondolewa, ukawekwa wa chuma uliofanana nao kwa kila hali. Mpita njia hawezi kutambua tofauti.

JE, NI NYUMBA ILE ILE?

Yasemekana kuwa baada ya matengenezo ya 1963 sehemu kama 60 katika 100 za vifaa vya jengo lile zilikuwa mpya. Basi mtu aweza kuuliza: Je, hii ni nyumba ya Walpole, au ni mfano wake tu?

Jawabu twalo sisi wenyewe. Nyumba ya udongo na nyasi huezekwa upya kila baada ya miaka michache. Ukuta hukandikwa tena baada ya mvua. Nguzo iliyoliwa na mchwa hutolewa ikatiwa nyingine. Baada ya miaka 30 huenda hakuna ujiti mmoja wa mwanzo uliobaki. Lakini hakuna mwana asemaye kwamba ile si nyumba ya baba. Nyumba ni mahali, ni umbo, na ni kazi ifanywayo ndani yake, vifaa hupita. Hata hivyo, aezekaye upya yampasa kujua lile aliachalo na lile alibadililo. Mafundi wa Erith walipima kwanza ndipo wakavunja. Wengi wetu huvunja kwanza, kisha tukaulizana ukuta ulikuwa wapi.

Lakini fundisho lililo kubwa, kwa maoni yangu, ni lile la nyumba isiyo na mwenyewe. Walpole alitenda haki alipoikataa zawadi ile, wala hatumlaumu. Alilolisahau, au asiloliweza, ni kuweka mlinzi. Aliwapa wote nyumba, hakumpa mtu wajibu. Tazama ghala la chama chenu, au darasa mlilojenga kwa michango na harambee. Siku ya kulifungua palikuwa na ngoma na hotuba. Je, ni nani leo ambaye jina lake limeandikwa kuwa ndiye atazamaye mifereji ya paa kabla ya masika? Ni nani apigaye boriti kwa nyundo kusikia kama mna mchwa? Katika hesabu za kila mwaka, ni shilingi ngapi zimewekwa kando kwa ajili ya matengenezo tu, wala zisiguswe kwa jambo jingine? Kama jawabu ni "sote", basi jawabu ni "hakuna".

Usipoziba ufa utajenga ukuta: methali hii twaijua toka utotoni, nasi twaisema kwa urahisi. Nyumba ya mlango mweusi yatuonyesha bei yake. Ufa wa Downing wa mwaka wa 1684 ulizibwa kwa rangi, kwa marumaru na kwa nguzo za mapambo, hata mwaka wa 1960 wajukuu wa wajukuu wakalazimika kuchimba chini ya nyumba nzima. Taifa tajiri liliweza kulipa. Kamati ya shule ya kijiji, yenye akiba ya shilingi chache, haitaweza.

Kwa hiyo mkutano wenu ujao ukifika kwenye neno la "mengineyo", msiondoke upesi. Mchagueni mtu mmoja, mwandikeni jina, mpeni daftari na fedha kidogo, naye atoe habari mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli. Na mwenye kujenga nyumba yake mwenyewe, amsimamie fundi siku ile ya kuchimba msingi, maana siku ya kupaka rangi kosa la chini halionekani tena.